Breki za mteremkoni: dalili za joto na mgandamizo kwenye plaketi, ganitiri na tamburi

Gari la Bukavu halipati tambarare ya kupumzikia. Ndani ya mji linapanda na kushuka kati ya Kadutu na Nyawera siku nzima, na likielekea Uvira kwa Barabara ya Taifa namba 5 linapita Nyangezi, kisha miteremko ya Ngomo, ndipo lifike Kamanyola. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, wa Tanganyika karibu mita 770. Hizo takriban mita 700 lazima zimezwe na injini au na breki.

Malalamiko yanayorudi garajini ni yaleyale: plaketi zimekwisha kabla ya wakati, pedali imezama, tairi moja linanuka, diski imepasuka. Jibu linalotolewa haraka ni "plaketi feki, nunua nyingine". Zipo feki, na tutazifikia. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye namna plaketi inavyogusa diski. Joto hufuata mgandamizo, na mgandamizo hufuata mahali panapogusana. Ukifunga plaketi mpya bila kuangalia mguso, itaungua palepale ilipoungua ya zamani.

Kwa msomaji wa mbali: plaketi ni pedi za breki za diski, tamburi ni ngoma ya breki, ganitiri ni bitana ngumu inayogandishwa au kupigwa ripiti kwenye viatu vya breki, etriye ni kile kishikio chenye pistoni kinachobana diski, vitesi ni gia, likidi ni mafuta ya breki, servo ni kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga pedali.

Hesabu moja kabla ya kufungua tairi

Chukua lori la tani 10 linaloshuka mita 300 kwenda chini. Nishati ni uzito mara nguvu ya mvutano mara kimo: 10,000 × 9.81 × 300, karibu megajuli 29. Lina tamburi nne za chuma cha kalibu, kilo 40 kila moja, jumla kilo 160. Kilo moja ya chuma hicho huhitaji takriban juli 500 ili ipande nyuzi moja. Gawanya: joto linapanda nyuzi 370, endapo dereva ameshuka kwa breki tupu na upepo haujapooza chochote. Ganitiri nyingi za kawaida huanza kupoteza mshiko kati ya nyuzi 250 na 350.

Upepo hupooza kidogo, ndiyo. Lakini kinachookoa lori ni injini, na dereva akishuka kwa vitesi ya juu hakuna ganitiri ya bei yoyote itakayomfaa. Hesabu hii inakuambia kama tatizo ni la kifaa au la uendeshaji.

Dalili ya 1: pedali ni ngumu, gari halisimami

Pedali ngumu maana yake mgandamizo wa likidi upo. Kilichokosekana ni msuguano au msaada wa servo. Usichanganye na pedali laini, ambayo iko chini kwenye dalili ya 2. Watu wengi hubadilisha plaketi kwa ugonjwa wa likidi.

Anza na dereva: alishuka kwa vitesi ya ngapi, na mzigo gani? Alikuwa akishikilia breki kidogokidogo njia nzima? Kushikilia hivyo hakuipi diski nafasi ya kupoa. Njia inayofaa ni kuingiza vitesi ya chini kabla mteremko haujaanza, kisha kubana breki kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue kama kilomita 10 kwa saa, kuachia kabisa, na kurudia.

Kisha kagua servo. Zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, uache mguu umekaa juu yake, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, tafuta bomba la hewa lililopasuka au vali isiyorudisha iliyochoka. Kumbuka pia kwamba Bukavu mgandamizo wa hewa ni karibu kilopaskali 85, wakati pwani ni 101. Servo inayotumia ombwe la injini ya petroli hutoa msaada pungufu huku kuliko kule, hata ikiwa nzima. Servo iliyochoka nusu, ambayo pwani ingevumilika, huku inaonekana.

Servo ikiwa nzima, toa plaketi na uitazame kwenye mwanga:

- Uso unang'aa kama kioo: imeungua juu. Kama bado ni nene na haina nyufa, sugua kwa msasa namba 80 juu ya kioo bapa, kwa maji kidogo ili vumbi lisiruke. Ikirudi kung'aa baada ya wiki, sababu bado ipo.
- Ni mpya, haijazoeshwa. Lipunguze gari mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 10, bila kusimama kabisa, achia sekunde 30, rudia mara 30. Fanya hivyo kwenye barabara tulivu ya tambarare kabla ya kushuka Ngomo. Plaketi mpya hutoa gesi kutoka kwenye gundi yake inapopata joto kali kwa mara ya kwanza, na gesi hiyo hupunguza mshiko.
- Imelowa mafuta ya ekseli au likidi: haisafishiki. Tupa, na ziba uvujaji kwanza.
- Ubora. Kwenye ukingo wa plaketi au ganitiri nyingi kuna herufi mbili. Ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi, ya pili ikiwa na joto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa miteremko yetu angalia herufi ya pili: FF inastahimili joto kuliko FE. Plaketi isiyo na alama yoyote, hata ya kiwandani, usiifunge kwenye gari linalobeba abiria.

Dalili ya 2: pedali inazama baada ya mteremko, ikipoa inarudi

Likidi imechemka. Mvuke unabanika, likidi haibaniki. Mguu wako unabana mvuke. Likidi ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishalowa inaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mwinuko wetu namba zote hupungua kidogo, kama vile maji ya sufuria yanavyochemka Bukavu kwenye nyuzi 95 hivi.

Badilisha likidi yote kila baada ya miaka miwili, kwa kopo jipya lililofunguliwa siku hiyo. Toa hewa ukianza na tairi lililo mbali zaidi na pompa ya breki, isipokuwa kitabu cha gari kielekeze vingine. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni, na kamwe usiongeze mafuta ya injini au ya usukani: mipira yote itavimba na mfumo mzima utahitaji kubadilishwa.

Plaketi zilizolika sana huchangia pia, kwani huwa nyembamba kiasi kwamba joto linafika haraka kwenye pistoni. Chini ya milimita 3 za bitana, badilisha.

Pedali ikizama gari likiwa baridi na limesimama, hilo si joto. Ni uvujaji au pompa iliyokufa ndani. Gari lisitoke hapo. Mwite fundi alipo.

Dalili ya 3: tairi moja lina joto kuliko mengine

Endesha kilomita 5 mahali pa tambarare ukigusa breki kidogo sana, simama, pima kila tairi kwa kipimajoto cha mwanga. Tofauti ya nyuzi 10 au 20 kati ya kushoto na kulia si kitu. Nyuzi 60, kuna kinachoburuza.

Inua tairi, lizungushe kwa mkono. Likigoma, fungua skrubu ya kutolea hewa ya etriye hiyo robo mzunguko. Likilegea ghafla na likidi ikaruka, mgandamizo ulikuwa umenaswa: bomba la mpira limevimba ndani na limegeuka kuwa vali, hata kama nje linaonekana zima. Lisipolegea, ni pistoni yenye kutu au vijiti vya kutelezea etriye vilivyokauka. Vijiti ndivyo vya kawaida zaidi, kwa sababu vumbi na tope la barabara zetu hupenya pale mpira wa kuvifunika unapopasuka. Visafishe, paka grisi ya breki inayostahimili joto na isiyodhuru mpira. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapo. Kwa tamburi, kagua kwanza kebo ya breki ya mkono. Beringi ya tairi iliyochoka pia hutoa joto, lakini hiyo huguna.

Dalili ya 4: plaketi imelika upande mmoja

Hapa ndipo penye siri nyingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua etriye ya gari dogo yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 54. Eneo lake ni sentimita za mraba 22.9. Kwa mgandamizo wa baa 50, inasukuma kwa nyutoni 11,450 hivi. Plaketi ina sentimita za mraba 50, kwa hiyo mguso ukiwa kamili kila milimita ya mraba inabeba nyutoni 2.3. Plaketi ikigusa nusu tu, nguvu ileile inaangukia nusu ya eneo: nyutoni 4.6. Gari litasimama karibu vilevile, ndiyo maana dereva hasikii kitu. Lakini joto linalozaliwa mahali pale ni mshiko mara mgandamizo mara mwendo wa kuteleza. Kwa mshiko wa 0.4 na kuteleza kwa mita 6 kwa sekunde, ambako ni kama gari likiwa kilomita 60 kwa saa, mguso kamili unatoa wati 5.5 kwa kila milimita ya mraba. Mguso wa nusu unatoa 11. Plaketi nzuri inapikwa kama feki.

Kuona mguso hakuhitaji mashine. Tafuta karatasi ya kaboni na karatasi ya miraba ya daftari la shule, ile ya miraba ya milimita 5. Fungua tairi, rudishia nati mbili zenye washa ili diski ikae imara. Kata karatasi zote mbili kwa umbo la plaketi, ziweke pamoja, wino ukielekea miraba, zichomeke kati ya plaketi na diski. Mwenzako akanyage pedali mara moja, kwa nguvu ya kawaida, aachie. Diski isizunguke hata kidogo. Toa karatasi.

Miraba minne ni sentimita moja ya mraba, kwa hiyo plaketi ya sentimita 50 ni miraba 200. Hesabu iliyoshika wino. Ukipata 110, mguso ni asilimia 55 na mgandamizo halisi ni mara 1.8 ya ule uliodhani. Kisha soma umbo la doa. Wino ukiwa ncha moja tu, plaketi imekwama kwenye reli zake au etriye inakaa mshazari. Futa kutu kwenye reli kwa brashi ya waya mpaka plaketi iteleze kwa kidole. Duara jeusi katikati na pembeni peupe, bamba la nyuma limepinda, au kipande cha kuzuia kelele kimekunjwa nyuma yake. Mistari mistari, diski ina mifereji. Plaketi ya ndani imeshika vizuri na ya nje haijashika, vijiti vya kutelezea vimekwama.

Kipimo hiki ni cha baridi. Plaketi ikipata joto, uso wake hupanuka kuliko bamba la nyuma, inabinuka na kugusa zaidi katikati. Kwa hiyo mguso wa asilimia 70 baridi unaweza kuwa mdogo zaidi Ngomo katikati. Lenga juu ya 80 ukiwa garajini.

Kulika kwa tofauti ya milimita 1 kati ya ncha inayopokea diski na ile ya pili ni kawaida. Ikizidi 2, kuna kilichokwama.

Dalili ya 5: pedali inatetemeka, diski ina madoa ya bluu

Kisababishi cha kwanza ni cha bei ndogo kabisa: kutu au tope kati ya diski na habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa juu yake), au nati za tairi zilizokazwa kwa ufunguo mrefu bila mpangilio. Safisha uso wa habu mpaka chuma kionekane, kaza kwa msalaba, kwa hatua mbili. Kisha pima kuyumba kwa saa ya kupimia, milimita 10 kutoka ukingo wa diski. Magari mengi madogo hayataki zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.10. Pima pia unene mahali nane kwa maikromita. Tofauti ya milimita 0.02 tayari inatosha kusikika mguuni.

Madoa ya bluu ni jambo jingine. Mahali palipopata joto zaidi hupanuka, hutokeza, hubeba mgandamizo zaidi, hupata joto zaidi tena. J. R. Barber alieleza mzunguko huu mwaka 1969, na unaonekana kwa macho kwenye diski yoyote iliyoteswa. Doa likivuka nyuzi 700 na kitu na kupoa haraka, chuma cha hapo hubadilika na kuwa kigumu na chepesi kupasuka. Kuchonga diski kwenye mashine ya kukereza huondoa uso tu. Ugumu umeingia ndani zaidi, na kisu cha mashine kinaruka juu yake na kuacha vilima. Diski yenye madoa magumu ibadilishwe, zote mbili za ekseli moja, pamoja na plaketi.

Dalili ya 6: nyufa

Diski au tamburi ikipata joto, uso unataka kupanuka na chuma cha ndani kinauzuia. Unabanwa mpaka unakunjamana. Ukipoa unavutwa. Mara mia kadhaa za kubanwa na kuvutwa, nyufa nyembamba kama nywele hutokea. Huo ndio uchovu wa joto.

Nyufa za nywele zisizonasa ukucha, zilizobaki ndani ya eneo la kusuguliwa, unaweza kuzifuatilia. Ufa unaonasa ukucha, unaofika ukingoni, au unaopita upande wa pili: gari lisiendeshwe tena, hata mpaka garaji ya jirani. Vivyo hivyo diski iliyo chini ya unene uliochorwa kwenye ukingo wake, au tamburi iliyopita kipenyo kilichochorwa.

Kumwagia tamburi maji baada ya mteremko huleta nyufa haraka kuliko mizigo. Uso unapoa kwa sekunde, ndani bado moto. Breki ikifuka moshi, egesha mahali bapa, weka kigingi nyuma na mbele ya tairi, usivute breki ya mkono, subiri angalau dakika 30. Tamburi linalopoa husinyaa, na viatu vikiwa vimeibana kwa ndani linaweza kupasuka. Tairi likishika moto, watu wakae mbali, kwani linaweza kulipuka.

Kwenye lori la breki za hewa, fikiria pia upanuzi: tamburi la milimita 400 likipanda nyuzi 300 huongezeka kipenyo kwa milimita 1.3. Mkono wa breki, ule unaosukumwa na hewa, unasafiri zaidi kuufidia. Lori lililorekebishwa vibaya garajini, na mkono tayari ukiwa karibu na mwisho wake, litakosa breki chini ya mteremko. Pima safari ya mkono baridi kabla ya kila safari ndefu.

Vyumba vya hewa vyenye springi ya breki ya kuegesha usivifungue. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo na imeua mafundi. Ni kazi ya mwenye kifaa chake maalumu.

Dalili ya 7: kipimajoto hakilingani na hesabu

Hesabu inasema 300, kipimajoto kinasema 110. Kabla ya kuitupa hesabu, elewa kifaa. Kipimajoto cha mwanga kimewekwa kwa uso mweusi usiong'aa. Diski iliyosuguliwa inang'aa na kutoa mwanga mdogo wa joto, hivyo namba inakuwa ya chini mno. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa ya kustahimili joto, ukubwa wa sarafu, kwenye kofia ya diski ambako plaketi haifiki, pima hapo, ukijua kwamba kofia ni baridi kuliko eneo la kusugua. Kwa tamburi lenye kutu, pima moja kwa moja kwa nje. Kutu husomeka vizuri. Ila joto huchukua dakika kadhaa kupenya kutoka ndani, kwa hiyo soma kila dakika moja kwa dakika tano na uchukue kilele.

Wenye waya wa tamokapo (waya wa kupimia joto kwa ncha yake) aina ya K wanaweza kutoboa bamba la plaketi kutoka nyuma na kuweka ncha milimita 1 chini ya uso wa kusugua. Ncha ikifika usoni kabisa inasoma mwako wa msuguano na kukatika. Ikibaki ndani milimita 4, inachelewa na kilele cha mteremko mfupi kinapotea.

Hesabu nayo hukosea mahali pawili: watu hugawa nishati sawasawa kwa matairi yote, ilhali gari dogo likisimama breki za mbele hubeba karibu asilimia 70, na husahau kazi ya injini. Rekebisha hayo mawili kwanza.

Pikipiki

Breki ya nyuma ya tamburi ya pikipiki za abiria ina viatu viwili, na kile kinachovutwa na mzunguko hulika zaidi. Hilo ni la kawaida. Mshale wa kuonyesha ulikaji ukifika alama, usigeuze mkono wa kamu (kile kipande kinachotanua viatu) kwenye meno yake ili kupata umbali zaidi; ganitiri ikiisha, kamu inaweza kugeuka kupita kiasi na kulifunga tairi katikati ya mteremko. Badilisha viatu, safisha vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Usipulizie kwa kompresa: ganitiri za zamani na baadhi ya zisizo na alama zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi hilo halitoki mapafuni.